UZI: Hattie McDaniel, binti wa watumwa aliyechukua Oscar akiwa amekalishwa ukutani

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimekuwa nao moyoni muda mrefu, leo nimeamua niuandike wote hata kama utanichukua usiku kucha. Ni mrefu. Mwenye chai aisogeze karibu.

Tarehe 29 Februari 1940, jijini Los Angeles, tuzo za Oscar zilikuwa zinatolewa kwa mara ya 12. Ukumbi ulikuwa Cocoanut Grove, ndani ya Hoteli ya Ambassador, na hoteli hiyo ilikuwa haipokei watu weusi. Waigizaji wakubwa wa filamu ya Gone with the Wind walikaa pamoja na mtayarishaji wao, David O. Selznick. Mwenzao mmoja hakuwa hapo. Aliwekewa meza ndogo kule mwisho, imesogezwa mpaka ukutani, akakaa na mwanaume aliyemsindikiza na wakala wake. Na hata hiyo meza ya ukutani, Selznick ilibidi aiombee kwa wenye hoteli.

Mwanamke huyo ni Hattie McDaniel. Alivaa gauni la rangi ya feruzi, na nyweleni amechomeka gadenia, yale maua meupe yenye harufu inayokaribia asmini zetu. Alipotangazwa mshindi wa tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, alitembea kutoka ukutani hadi jukwaani, mtu mweusi wa kwanza kupewa Oscar. Katika aliowashinda alikuwemo Olivia de Havilland, aliyecheza naye filamu hiyo hiyo. Alisema anatumaini siku zote atakuwa heshima kwa watu wake na kwa tasnia ya filamu. Akasema moyo umemjaa kiasi hawezi kueleza anavyojisikia. Kisha akarudi kule kule ukutani.

Kwa nini naandika habari hizi? Mama yangu alifanya kazi za ndani Dar es Salaam kwa miaka mingi. Aproni yake ndiyo iliyonilipia ada. Nilipokuwa sekondari kuna wenzangu walikuwa wananiita "mtoto wa hausigeli", na nilikuwa naona haya kumtaja mama. Ukubwani niliposoma maisha ya Hattie na kukuta watu wake mwenyewe walivyomsema kwa sababu ya aproni ya mtumishi aliyoivaa kwenye sinema, nilihisi kama nasikia habari za nyumbani. Kwa hiyo nakiri mapema kwamba mimi niko upande wake. Ila mambo nitayaeleza yalivyokuwa.

#2 · Mleta uzi (sehemu ya pili)

Alizaliwa Wichita, jimbo la Kansas, tarehe 10 Juni 1893, kitinda mimba katika uzao wa watoto 13. Wengi wa ndugu zake hawakukua. Baba yake Henry na mama yake Susan walizaliwa utumwani wote wawili. Henry alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani upande wa Kaskazini, katika kikosi cha askari weusi, akatoka na majeraha yaliyomsumbua maisha yake yote. Alihangaikia pensheni ya vita kwa miaka na miaka huku mwili umeshachoka. Susan alikuwa mwimbaji wa kanisani aliyefua na kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu.

Familia ikahamia Colorado, hatimaye Denver. Huko Hattie alisoma shule iliyochanganya weusi na weupe, jambo la nadra wakati ule. Mwaka 1910 alishinda medali katika mashindano ya kughani mashairi yaliyoandaliwa na chama cha wanawake wa Kikristo waliokuwa wakipinga pombe. Baada ya hapo shule ikamshinda, maana jukwaa lilikuwa limeshamvuta.

Kaka zake, Otis na Sam, walikuwa na kikundi cha maonyesho ya kuzunguka mji kwa mji. Hapa inabidi nieleze kidogo. Marekani ya wakati ule ilikuwa na burudani ambamo wazungu walijipaka masizi usoni wakawaigiza weusi kama wajinga na wavivu. Ilipendwa sana. Weusi wenyewe wakaingia kwenye burudani hiyo hiyo kwa kuwa ndiyo pekee iliyowalipa, na walio hodari waliigeuza kutoka ndani. Mwaka 1914 Hattie na dada yake Etta waliunda kikundi chao cha wanawake watupu. Kwa hiyo kabla sinema hazijajua jina lake, alikuwa ameshajifunza kuchukua dhihaka aliyotengenezewa na mtu mwingine na kuicheza kwa namna ambayo watu weusi waliokaa ukumbini wanacheka kwa sababu zao wenyewe. Msilisahau hili tukifika mbele.

Mume wake wa kwanza alifariki mwaka 1915, ndoa ikiwa bado changa. Mwaka uliofuata akafariki kaka yake Otis. Hattie hakuacha kazi. Miaka ya 1920 aliimba na bendi ya George Morrison ya Denver, akawa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kusikika wakiimba redioni Marekani, akarekodi na santuri za blues, nyingine akizitunga mwenyewe.

Uchumi ukaanguka mwaka 1929. Alikwama Milwaukee, kazi pekee aliyoipata ikawa kuhudumu chooni kwenye klabu ya usiku, kuwapa wanawake wa kizungu taulo. Usiku mmoja wasanii waliokuwa zamu walishaondoka na wageni bado wapo, meneja akauliza nani anaweza kuimba. Hattie akatoka chooni, akapanda jukwaani, akaimba. Waliomsikia hawakutaka arudi kwenye taulo. Alikaa kwenye klabu hiyo zaidi ya mwaka, akiwa mwimbaji.

Nalala kidogo, kesho nitaendelea na Hollywood.

#3 · Mdau wa Mwanza

Mleta uzi asante, umeandika vizuri. Ila mimi niseme ukweli wangu. Nimeitazama hiyo filamu. Ni filamu inayowalilia wenye watumwa. Mashamba mazuri, mabwana wapole, watumwa wanaowapenda mabwana kuliko wanavyojipenda wao. Na huyo Mammy, mtumishi aliyechezwa na Hattie, ndiye nguzo ya uongo wote huo. Vita imekwisha, watumwa wako huru, yeye bado yuko pale pale anamfunga binti wa bwana koseti, lile vazi la kubana kiuno. Hata jina hana, ni "Mammy" tu. Mtu aliyezaliwa na wazazi waliotoka utumwani anakubalije kucheza hivyo? Sipendi kumsema marehemu, lakini swali hili linaniuma kweli.

#4 · Mdau wa Nairobi

Niko na mdau wa Mwanza hapo. Lakini pia tujiulize angefanya nini ingine. Studio za wakati huo zilikuwa na kazi gani ya mwanamke mweusi mnene wa miaka 40 na kitu? Ni kupika, kufua, ama kubeba mtoto wa mzungu. Ukikataa, kuna wengine 50 wako kwa laini.

#5 · Mleta uzi

Nimeamka. Mdau wa Mwanza, swali lako ni la haki na sitalikwepa, ila naomba nianze na alivyofika hapo.

Aliingia Los Angeles mwaka 1931, akawakuta Sam na Etta wameshaanza kupata vipande vidogo kwenye filamu. Sam alikuwa kwenye kipindi cha redio cha kituo cha KNX, akamwingiza na yeye. Wasikilizaji walimpenda wakamwita Hi-Hat Hattie. Jina lilikuwa kubwa na mshahara mdogo, kiasi kwamba akitoka studio alikwenda kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Mnaona? Hakuwa anaigiza kitu alichokisoma vitabuni. Alijua uzito wa ndoo ya maji.

Kwenye filamu alianzia kwenye kundi, bila jina lake kuandikwa. Inakadiriwa alionekana katika filamu zipatazo 300, na zilizomtaja kwa jina ni takriban 80 tu. Mwaka 1934 mwongozaji John Ford alimpa nafasi nzuri katika Judge Priest, akaimba pamoja na Will Rogers, nyota mkubwa wa wakati ule. Mwaka 1936 akawa Queenie katika Show Boat, akiwa na Paul Robeson. Mtazameni katika Alice Adams ya 1935, kwenye kile chakula cha jioni ambapo familia ya kizungu imemkodi kwa siku moja ili wageni wadhani wao ni matajiri. Hattie hasemi maneno mengi. Anaingia na sahani, anatazama, anatafuna kitu chake, kofia inamwangukia usoni, na ule uongo wote wa familia unaonekana kupitia macho yake. Mtazamaji anacheka, lakini anayechekwa siye mtumishi.

Huo ndio ufundi wake. Watumishi wake wana midomo. Wanawapinga mabosi, wanawakaripia, wanawatazama kwa jicho la "mimi nakujua wewe". Hata huyo Mammy, mdau wangu, mtazame tena. Ndani ya nyumba ile nzima ndiye peke yake mwenye kuona sawasawa. Scarlett, yule binti wa bwana, anajidanganya, Ashley anayependwa na Scarlett anajidanganya, mabwana wanajidanganya kuhusu vita. Mammy hadanganyiki. Pale anapopanda ngazi na Melanie, mke wa Ashley, akisimulia msiba wa mtoto wa Scarlett na mumewe Rhett Butler, sauti inakatika huku bado anapanda. Tukio lile amelibeba yeye, na wengi wanaamini ndilo lililompa tuzo.

Kuhusu filamu yenyewe, sina ubishi na wewe. Ni filamu inayosema uongo kuhusu utumwa. Magazeti ya weusi na chama cha kutetea haki zao, NAACP, walilalamika wakati inatengenezwa, na moja ya matunda ni kwamba Selznick aliliondoa kwenye mswada lile tusi baya kabisa la kuwatukana weusi. Uongo uliobaki ulibaki. Hattie aliingia ndani ya uongo huo akaweka mtu wa kweli. Ndivyo ninavyoona mimi.

#6 · Mleta uzi

Nisisahau Atlanta. Uzinduzi wa filamu ulifanyika huko tarehe 15 Desemba 1939, katika ukumbi wa Loew's Grand. Mji mzima ulisimama. Sheria za ubaguzi za Georgia hazikuruhusu waigizaji weusi wakae na wenzao, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyekwenda. Hata picha ya Hattie iliondolewa kwenye vijitabu vya uzinduzi vilivyogawiwa Kusini. Clark Gable, aliyecheza Rhett Butler na rafiki yake, alikasirika akatishia kususa, na inaelezwa kwamba Hattie mwenyewe ndiye aliyemsihi aende.

Usiku mmoja kabla ya uzinduzi kulikuwa na dansi kubwa la hisani la wazungu. Waliletwa wanakwaya wa Kanisa la Kibaptisti la Ebenezer waimbe, wamevalishwa kama watumwa wa shambani. Miongoni mwao alikuwemo mtoto wa mchungaji, umri miaka 10. Mtoto huyo ni Martin Luther King Jr. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilifunga simu nikatoka nje nikakaa barazani.

#7 · Mdau wa Mombasa

Mimi hapo kwa Oscar nimemkumbuka Lupita wetu. Si ni tuzo ile ile? Mwigizaji msaidizi wa kike, mwaka 2014, na yeye pia alicheza mtumwa. Sisi huku tulikesha tukimngoja usiku ule, watu walilia.

#8 · Mleta uzi

Ni tuzo ile ile, dada. Lupita Nyong'o aliichukua kwa 12 Years a Slave, miaka 74 baada ya Hattie. Linganisha filamu zenyewe uone safari. Patsey wa Lupita anaonyeshwa mgongo uliochanwa kwa mijeledi, na mwongozaji ni mtu mweusi, Steve McQueen. Hattie hakuwahi kupewa nafasi ya kuonyesha mgongo huo, wakati baba na mama yake walitoka huko huko.

Na katikati hapo palikuwa na ukame. Baada ya Hattie, mwanamke mweusi wa pili kushinda Oscar ya uigizaji ni Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Miaka 51! Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa Cocoanut Grove alikuwa ameshafikia umri wa kuwa bibi. Mwaka 2010 Mo'Nique alipochukua tuzo hiyo hiyo alivaa gauni la buluu na gadenia nyweleni kama Hattie, akamshukuru jukwaani kwa kuvumilia yote aliyoyavumilia ili yeye asilazimike kuyavumilia.

#9 · Mdau wa Mwanza

Nimekusoma. Kuhusu uigizaji nakubali, nitaitazama tena ile ngazi. Lakini baada ya tuzo alifanya nini? Maana mtu akishakuwa mkubwa ndipo anapaswa kusema hapana.

#10 · Mleta uzi

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana wengi wanaosimulia habari zake huishia kwenye Oscar kisha wanarukia kifo.

Kwanza, ukubwa ulikuwa wa jina tu. Baada ya tuzo Selznick alimzungusha majukwaani akiwa amevaa nguo zile zile za Mammy. Nafasi zilizofuata zilikuwa za jikoni kama kawaida, isipokuwa chache. Mwaka 1942 katika In This Our Life alikuwa mama wa kijana mweusi anayesomea sheria, ambaye binti wa kizungu anamsingizia ajali ya gari iliyoua. Hattie pale hachekeshi. Ni mama anayejua mwanawe hana kosa na anayejua pia kwamba hakuna atakayemsikiliza.

Mwaka huo huo Walter White, katibu wa NAACP, alikuwa Hollywood kuwabana wenye studio waache kuwaonyesha weusi kama watumishi na vichekesho. Nia yake ilikuwa njema na kazi ilihitajika. Lakini alizungumza na mabosi wa studio, waigizaji wenyewe akawaacha pembeni. Hattie, Louise Beavers na wenzao waliokuwa wamehenyeka miaka kumi kwenye vyumba vya nyuma wakajikuta ndio aibu ya taifa. Kauli inayohusishwa na Hattie mpaka leo ni kwamba afadhali dola 700 kwa wiki za kuigiza mtumishi kuliko dola 7 za kuwa mtumishi. Watu huichukua kama jeuri. Mimi naisikia kama kauli ya mtu aliyewahi kupokea hizo dola 7.

Barua za kumlaumu zilimwumiza. Hata hivyo Lena Horne, yule msichana mrembo ambaye White alimtaka awe sura mpya ya weusi Hollywood, alieleza baadaye kwamba Hattie alimkaribisha nyumbani kwake na kumpokea kwa upole. Angeweza kumnunia. Hakumnunia.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliongoza kitengo cha wasanii weusi cha kamati ya Hollywood iliyoburudisha wanajeshi. Jeshi lilikuwa limebagua askari kwa rangi, kwa hiyo yeye na wenzake walizunguka kambi za askari weusi.

Sasa nyumba. Kaeni vizuri.

Mwaka 1942 alinunua nyumba kubwa nyeupe ya ghorofa, namba 2203 South Harvard Boulevard, mtaa wa West Adams Heights. Watu weusi waliokuwa na uwezo walikuwa wameanza kuhamia huko, na wakaupa mtaa jina la Sugar Hill. Majirani zake walikuwa akina Louise Beavers na Ethel Waters, na Norman Houston wa kampuni ya bima ya Golden State Mutual. Tatizo lilikuwa kwenye hati. Nyumba za maeneo yale zilikuwa na sharti lililoandikwa kabisa kwenye karatasi za mauzo kwamba haziwezi kumilikiwa wala kukaliwa na asiye mzungu. Miji mingi ya Marekani ilijengwa kwa hati za aina hiyo. Mwenye nyumba anataka kuuza, mnunuzi ana fedha taslimu, na bado jirani anaweza kwenda mahakamani na mnunuzi akatolewa ndani ya nyumba yake aliyoilipia.

Ndicho walichofanya. Baadhi ya majirani wazungu walifungua kesi kutaka weusi wote wa Sugar Hill waondolewe. Hattie hakufunga virago. Aliwakusanya majirani nyumbani kwake, wakajipanga, wakamchukua wakili Loren Miller, mwanasheria mweusi aliyezifahamu hati hizi kuliko karibu mtu yeyote nchini. Desemba 1945 kesi ikafika mbele ya Jaji Thurmond Clarke. Waigizaji walikuja wamevaa vizuri kama siku ya uzinduzi. Jaji akaahirisha, akaenda mwenyewe kuuona mtaa, akakuta bustani zimetunzwa na nyumba zinang'aa. Kesho yake akaitupa kesi. Alisema wakati umefika watu weusi wapewe, bila kukwepakwepa, haki zote wanazohakikishiwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba, yale ya usawa mbele ya sheria.

Huyo Loren Miller aliendelea. Mwaka 1948, akiwa na Thurgood Marshall na mawakili wengine, walifika Mahakama ya Juu, na mahakama ikaamua kwamba hati za ubaguzi haziwezi kutekelezwa na mahakama yoyote nchini Marekani.

Kwa hiyo mdau wa Mwanza, umeuliza alisema hapana lini. Alisema mwaka 1945, mahakamani, kuhusu nyumba aliyoinunua kwa fedha za aproni.

#11 · Mdau wa Mwanza

Hili la nyumba sikuwahi kulisikia. Nimenyamaza nalisoma mara ya pili. Asante.

#12 · Mdau wa Nairobi

Alikuwa na watoto? Na bwana?

#13 · Mleta uzi

Aliolewa mara nne na hakubahatika kupata mtoto. Kuna jambo moja hapa huwa linanisumbua kuliko hata Atlanta. Mwaka 1945, ameshapita miaka 50, alitangaza kwa furaha kwamba ni mjamzito. Marafiki wakamletea zawadi, akaandaa chumba cha mtoto. Mwili ulikuwa umemdanganya, mimba haikuwepo. Alianguka katika huzuni nzito, na ndoa yake ya tatu ikavunjika mwaka huo huo. Huo ndio mwaka wa kesi ya nyumba. Alikwenda kusimama mahakamani Desemba akiwa na msiba huo moyoni.

Mwaka 1947 redio ilimrudisha. Kulikuwa na mchezo wa redio uitwao Beulah, kuhusu mtumishi wa ndani mweusi, na mpaka hapo sauti ya Beulah ilikuwa inaigizwa na mwanaume mzungu. Hattie akaichukua nafasi, kwa dola 1,000 kwa wiki mwanzoni, akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuongoza mchezo wake mwenyewe kwenye mtandao wa redio wa nchi nzima. Na alitoa sharti kwamba hataongea kile Kiingereza cha kubabaisha ambacho weusi walikuwa wakiandikiwa. Beulah wake aliongea kama mtu.

Beulah alipohamia kwenye televisheni, Hattie alirekodi vipindi vichache tu, afya ikakataa. Saratani ya matiti. Nafasi akaichukua rafiki yake Louise Beavers.

#14 · Mdau wa Mombasa

Na hiyo Oscar yake iko wapi siku hizi? Iko makumbusho?

#15 · Mleta uzi

Alifariki tarehe 26 Oktoba 1952, Woodland Hills, katika nyumba ya kutunzia watu wa filamu, umri miaka 59. Aliacha maagizo: jeneza jeupe, sanda nyeupe, gadenia nyeupe nyweleni na mikononi. Na azikwe Hollywood Cemetery, pamoja na watu wa kazi yake. Makaburi hayo yalikuwa ya wazungu pekee. Wakamkataa. Akazikwa Rosedale, alikokuwa amekutaja kama chaguo la pili, maana alishajua. Mtu anaandika wosia wake na ndani yake anaweka nafasi ya kukataliwa. Mwaka 1999 mmiliki mpya wa yale makaburi ya Hollywood aliomba kumhamishia huko, ndugu zake wakasema aachwe alipo, basi ukajengwa mnara wa kumbukumbu kando ya bwawa. Mwaka 2006 akawekwa kwenye stempu ya Marekani, amevaa gauni la usiku ule wa 1940.

Sasa Oscar. Wakati ule washindi wasaidizi hawakupewa sanamu, walipewa kibao kidogo. Hattie alikiachia Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chuo cha weusi chenye heshima kubwa. Kilikuwa kwenye idara ya sanaa za maonyesho, kisha katika miaka ya mwisho ya 1960 au ya mwanzo ya 1970 kikatoweka. Ikaenea hadithi kwamba wanafunzi wa harakati walikitupa mto Potomac kwa hasira juu ya Mammy. Profesa wa sheria, W. Burlette Carter, aliichunguza hadithi hiyo kwa kina na hakupata ushahidi wowote wa kuiunga mkono. Mimi naona ilisambaa kwa sababu ilikuwa rahisi kuiamini, kwamba hata watoto wa Howard walimkana.

Tarehe 1 Oktoba 2023 Akademi, wale wanaotoa Oscar, ilikipa chuo kibao kingine badala ya kile. Kilipokelewa na Phylicia Rashad, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha sanaa hapo, mwenyewe mwigizaji.

Mama yangu nilimsimulia habari hizi zote jikoni kwake. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama ile nyumba aliyoishindania bado ipo.

#16 · Mdau wa Los Angeles

Salamu kutoka huku. Nimefuatilia uzi wote kimya, kwa hili naweza kumjibu mama. Mwambie ipo, nyumba nyeupe, watu wanaishi. Ila Sugar Hill yenyewe haikubaki nzima. Serikali ilipojenga barabara kuu ya Santa Monica miaka ya 1960 iliipitisha katikati ya mtaa, nyumba nyingi zikabomolewa na watu wakatawanyika. Walioshinda mahakamani mwaka 1945 walikuja kuondolewa na tingatinga.

Makaburi ya Rosedale nayo hayako mbali na hapo. Kutoka nyumbani kwake mpaka kaburini kwake unaweza kwenda kwa miguu, ni mwendo mfupi tu, isipokuwa lazima uivuke hiyo barabara. Nilikwenda mwaka jana na binti yangu. Tulisimama juu ya daraja, magari yanapita chini bila kukatika, akaniuliza mbona tumesimama.

#17 · Mleta uzi

Asante sana, kaka. Nampigia mama sasa hivi.